Soya ya Mzee Onsongo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Notisi! Niondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Ati kibanda cha kahawa hakifai mbele ya nyumba ya mzee wa kanisa.

Landlodi, huyo huyo mzee wa kanisa, Mzee Onsongo, ndiye ameileta. Hanitazami usoni. Ati si yeye, ni mke wake Phelesia. Ati kina mama wa Sabato wamelalamika. Sawa, Wasabato hawagusi kahawa, nani hajui? Lakini niko kwenye veranda hii miaka minne! Sina hata kiti kimoja. Watu wanakunywa wima, wanaenda zao. Hapa Migori nitapata wapi pengine?

Halafu — bila aibu! — akazunguka nyuma akaingilia mlango wa jikoni kwangu, kama kila asubuhi. "Robi, soya."

Soya! Wasabato wana soya yao, unga uliokaangwa, rangi kama ya kahawa. Hata mimi ninayo. Lakini huyu akisema soya anataka kahawa nyeusi, sukari mbili. Amekunywa amejificha kando ya gunia la makaa, akapangusa masharubu, akaenda. Mnafiki! Nimemchukia mpaka nikavunja kikombe.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta veranda mji mzima. Hakuna. Nyarangi wa saluni ananishauri nirudi Ntimaru nikalime. Akalime yeye! Liz wangu yuko kidato cha pili, nitamsomesha na nini?

Mzee amekuja. Soya. Nimemtilia sukari nne kusudi aumwe. Akasema asante, leo ni tamu. Mschew.

Alhamisi, 6 Machi

Eish!

Phelesia amekuja leo mwenyewe. Kupitia mbele, saa nne, watu wa boda wamejaa. Mama mrefu, kitenge kimepigwa pasi, hacheki. Mzee amemwambia huwa anapitia hapa kwa soya. "Nipe kama ya mzee."

Wakati huo nilikuwa nagombana na Bravin wa boda, ameweka helmeti juu ya vikombe safi. Mkono ukaenda wenyewe. Nyeusi, sukari mbili. Nimekuja kushtuka kikombe kiko mdomoni mwake. Aki nilikufa! Akanywa yote, wima, polepole. Akasema soya hii imekaangwa vizuri. Akaenda.

Nimepona. Lakini simpendi hata kidogo. Si ndiye ananifukuza?

Ijumaa, 7 Machi. Saa tisa

Naandika nimechuchumaa chini ya kaunta. Nikisimama nitacheka au nitatukana.

Saa nane mzee aliingia jikoni akihema. Mke wake anakuja na thamosi kubwa. Jua likizama Sabato inaingia, hakuna kupika tena, na mchungaji kutoka Kosele analala kwao. Mama anataka kumpa "ile soya". Mzee ananiamuru niweke soya ya kweli. Nikamwambia mama ataonja, atajua si ile, atajua wewe hunywa nini. Basi weka kahawa, akasema! Haya, nikamuuliza, na mchungaji? Akashika kichwa. Akasema nikileta mchezo atanifukuza.

"Umeshanifukuza, mzee."

Akajibanza kando ya gunia la makaa. Nimesikia raha, sitadanganya.

Mara Phelesia huyo, thamosi juu ya kaunta. Hasira zikanipanda. Nikamwambia mbele ya wateja: unanitoa kwa notisi, halafu mimi ndio nikupikie wageni?

Akauliza, notisi gani?

Nikampa karatasi. Akasoma mara mbili, midomo ikitembea. Hakuna mama aliyelalamika, anasema. Yeye hajatuma mtu. Kumbe ni uoga wa mzee peke yake, anaogopa siku moja mtu atamkuta huko nyuma na kikombe! Na mimi nimemtukana huyu mama moyoni wiki nzima.

Akaniinamia sikioni. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa kule Kisii. Harufu hiyo anaijua tangu hajaota meno. Na masharubu ya mzee, anasema, huyanusa kila siku.

Halafu akapaza sauti kumwita mumewe: "Baba Okari! Toka huko jikoni. Njoo usimame hapa na watu, unywe soya yako."

Tukasikia komeo. Mzee amejifungia! Jiko liko huko, birika, makaa, vyote huko. Wateja wanapiga kaunta. Phelesia hana haraka. Amekunjua notisi juu ya kaunta, akaikalishia thamosi. Hata jua likizama, anasema, atamngoja.

Nimeenda nikabisha mlango.

"Robi," mzee ananong'ona kwa ndani, "ameenda?"

Bado sijamjibu.