Mafua, Vidonge na Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Julai 1953

Barua! Eufrazia wangu, aliyekwenda kwao kujifungua, anafika Jumatano kwa meli ya Lindi, pamoja na Rosalia wetu wa miezi saba ambaye bado sijamtia machoni. Nimeisoma mara nne. Nikamsomea Sadallah kibandani — mie nachonga, yeye anapiga msasa na kuuza — akatupa msasa chini akacheza peke yake mbele ya Mzungu aliyekuwa anachagua vinyago. Mzungu akacheka, akanunua kitana.

Lakini mwisho wa barua kuna jambo. Baba mkwe, mzee Nikodemu, anawaleta mwenyewe. Anataka kuiona nyumba hii ya Kinondoni. Akiridhika atarudi peke yake kwa meli ya Jumamosi ya wiki ijayo. Asiporidhika, atarudi na binti yake na mjukuu wake. Basi. Hata salamu mzee hakuagiza.

Na pua imeziba! Baridi ya mwezi huu, na vumbi la mpingo juu yake. Siku ya tatu leo napumulia mdomo. Mtoto nitamnusaje?

Jumanne, 7 Julai

Nimeshuka Kariakoo, duka la dawa. Nimesema "pua," nimepewa kikopo cha vidonge vyeupe. Muuzaji hakuniuliza neno, nami sikuuliza. Ndani mna karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa. Kiingereza changu cha misheni hakifiki huko.

Kimoja asubuhi. Jamani! Pua ikafunguka kama mlango! Nimesikia harufu ya samaki wa jirani, ya mpingo mbichi, hata ya kofia ya Sadallah, ambayo afadhali nisingeisikia. Kwa furaha nikameza cha pili mchana, na jioni cha tatu, pamoja na unga wa mafua alionipa jirani yangu Mauwa. Nilisema dawa mbili zikikutana, mafua yatakimbilia wapi?

Nimepaka chokaa kuta zote. Nimefagia ua mara mbili. Nguvu ninazo tele. Usingizi tu ndio umekataa kuja.

Jumatano, 8 Julai

Nimemwona! Ana macho ya mama yake na masikio yangu — masikini. Alinitazama kwanza kama hakimu, halafu akanishika pua kwa mkono mzima akavuta. Eufrazia akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Miezi tisa sijasikia kicheko hicho.

Pale bandarini moyo ulikuwa unanidunda, mikono inatetemeka, jasho linanitoka na baridi hii. Eufrazia akauliza mbona natetemeka. Nikasema ni furaha. Ndivyo nilivyodhani.

Nilimwamkia mzee shikamoo. Akaitika marahaba huku akitazama mizigo. Nyumbani akapita chumba hadi chumba, akigonga kuta kwa kidole. Chokaa ikamganda kidoleni. Akakitazama kile kidole muda mrefu! Hasemi nami moja kwa moja, anapitia kwa binti yake nami nimesimama palepale: "Mwulize mumeo kisima kiko wapi." "Mwulize paa linavuja upande gani." Nikajibu kwa Eufrazia, naye akamrudishia. Kama korti yenye mkalimani.

Jioni nimemeza kingine. Pua ilikuwa inataka kuziba.

Alhamisi, 9 Julai

Balaa. Nilikuwa namalizia kinyago cha kichwa cha mzee mmoja, kazi ya wiki mbili. Zimebaki mbawa za pua tu. Mkono ukaruka, patasi ikateleza — pua yote chini! Sadallah akaiokota akaitia kiganjani. Akasema yaonekana pua zangu wiki hii zote zina mkosi.

Lakini hakucheka sana. Alinishika mkono, akausikia unavyotetemeka, akaniuliza nimekula nini. Nikamtajia vidonge. Hapohapo akafunga kibanda, tukaenda kwa Ansbert, dresa wa dispensari. Ni mtu wa Bukoba, mpole, anaongea taratibu.

Ansbert akaifungua ile karatasi, akaisoma yote mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Vingapi kwa siku?"

"Vitatu. Jana vinne. Na unga wa mafua."

"Unga gani?" Nilikuwa nao mfukoni. Akautazama, akatikisa kichwa. "Bwana Anselmo, dawa ya humu na ya humu ni moja. Ulikuwa unajizidishia bila kujua. Vidonge hivi vinabana mishipa ya puani, ndiyo maana pua inafunguka. Lakini havijui kukaa puani peke yake. Vinakwenda moyoni, vinakwenda mikononi, vinafukuza usingizi."

Kumbe! Na mie bandarini nilijisifu kwamba ni furaha.

Amesema mtu mzima wa afya njema atumie kama karatasi inavyosema, asizidishe, asimeze jioni, asichanganye na dawa nyingine ya mafua kabla ya kuuliza, wala asivifanye chakula cha kila siku. Siku chache tu, mafua yasipopungua aende akaonwe. Mie niache kabisa, maana nimeshapitiliza. Nifunge kitambaa puani nikichonga, niisafishe pua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Halafu akanishika bega: "Na usimgawie mtu. Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo, mzee mwenye shida ya haja ndogo — hao hivi si vyao. Vifungie."

Nimerudi nikiwa mwepesi. Nimeweka kikopo juu ya rafu.

Ijumaa, 10 Julai

Nimelala! Nimeamka mikono imetulia. Rosalia amelala kifuani kwangu asubuhi nzima na nimemnusa — maziwa na mafuta ya nazi. Pua imeziba nusu tu, hiyo nusu nyingine yanitosha.

Sasa mzee ndiye amepata mafua. Ya melini, anasema. Mchana akamwambia Eufrazia: "Mwambie mumeo anipe vile vidonge vyake vya pua."

Eufrazia akanivuta nyuma ya nyumba, akanieleza. Mwaka jana sista wa misheni alimfunga mzee mkanda mkononi, akamwambia damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Presha! Na mzee hapendi itajwe.

Nifanyeje? Mkwe haombi mara mbili. Kwetu mkwe akisema ana kiu, unachimba kisima. Nimesimama mbele yake nikatazama miguu yake, nikamwambia Eufrazia amwambie baba kwamba dresa amekataza, lakini nitamchemshia maji ya chumvi, na chai ya tangawizi, na chochote kingine atakacho.

Mzee akapenga pua. Halafu: "Mwambie mumeo nimesikia. Ana choyo hata cha dawa."

Ikaniingia kama patasi. Eufrazia amenishika mkono chini ya meza. Nashukuru kwa huo mkono.

Jumapili, 12 Julai

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie mwanzo.

Mzee alisema haendi misa, kifua kizito. Tukaenda sie watatu. Tuliporudi, Sadallah alikuwa amekaa naye uani — alileta maembe mabichi, akamkuta peke yake. Mzee anatembea, anakaa, anasimama. Jasho usoni. Anaingia chooni, anatoka. Anaingia tena. Nikamwuliza Eufrazia amwulize baba kama anaumwa. Akajibu haumwi.

Sadallah akanifuata jikoni. Akaninong'oneza: mzee amemeza vidonge viwili tulipokuwa kanisani. Kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, na maji yamegoma. Tangu avimeze haja ndogo haitoki hata tone, tumbo chini limejaa kama ngoma. Kwangu hawezi kusema, kwa binti yake ndiyo kabisa. Kwa Sadallah alisema kwa sababu Sadallah si mtu wake.

Rafu! Niliambiwa nifungie, nikaweka kwenye rafu. Kosa langu hilo, si la mzee.

Sikungoja mkalimani. Niliingia nikasema, "Baba, twende." Nikamwinua. Akaniangalia — mara ya kwanza machoni — hakubisha. Tukampakia kwenye baiskeli ya Sadallah, mie nasukuma, Sadallah anamshika, Kinondoni nzima inatazama. Mzee kavaa koti lake la sherehe. Alikataa kutoka bila koti.

Ansbert alikuwa anakula, akaacha sahani. Akamfunga mkanda mkononi, akautazama mshale wa kipimo. Akauliza mzee amekula dawa gani. Nikafungua mdomo, lakini mzee akanitangulia: "Viwili. Vya mkwe wangu. Alininyima, nikajichukulia."

Ansbert hakumkemea. Akamwambia presha imepanda, atulie, hatatoka pale mpaka ishuke. Vidonge vile vile ndivyo vimefunga njia ya mkojo, jambo hilo huwapata sana wazee. Akamkalisha kwenye karai la maji ya moto kiasi. Akasema mpaka saa tisa mkojo usipotoka, tunampeleka hospitali wakamtie mpira wa kuutoa.

Tukangoja nje kwenye benchi. Sadallah anasoma dua zake, mie nasema Salamu Maria. Saa saba. Saa nane. Eufrazia akaja na mtoto mgongoni, akakaa katikati yetu.

Saa nane na nusu — sauti ndani! Kwanza kidogo. Halafu mvua ya masika! Na mzee anasema kwa sauti kubwa, "Asante Mungu! Asante Mungu!" Sadallah akaruka juu. Eufrazia akajifunika uso kwa kanga, anacheka na kulia. Mie nimepiga magoti kwenye mchanga wa dispensari, sijui nilifikaje hapo. Ansbert akatoka anafuta mikono, akasema hajawahi kuona mkojo unashangiliwa namna hii.

Jioni presha ilikuwa imeshuka kiasi. Amepewa ruhusa, arudi kesho apimwe tena.

Jumatatu, 13 Julai

Vidonge vilivyobaki nimempelekea Ansbert mwenyewe, kikopo na karatasi.

Mzee amepimwa. Afadhali. Amepewa dawa yake ya presha, na maji ya chumvi kwa pua. Nimemchemshia. Kapiga chafya saba, akasema, "Dah."

Nilimwomba radhi kwa habari ya rafu. Akasema — kwangu, si kwa Eufrazia — "Mwizi haombwi radhi." Kisha akaniuliza kama kuna pweza sokoni.

Alhamisi, 16 Julai

Sina nafasi ya kuandika, nyumba imejaa. Mzee amekaa barazani anawapokea watu. Amemwambia Mauwa habari yote, mpaka karai. Mauwa amewaambia wengine. Leo wamekuja wanne wenye mafua. Mzee anawauliza kama dresa: una presha? Moyo? Unga mwingine umekula? Hajui kusoma hata herufi moja, lakini anadai kuiona karatasi ya dawa zao. "Nani amekusomea? Nenda kwa Ansbert akusomee kwanza!" Mtu akisema ana presha, mzee anampigia kelele kama anazima moto.

Jumamosi, 18 Julai

Meli inaondoka saa nane. Kwa gari la abiria mpaka bandarini tungetakiwa tuwe njiani saa tano. Sasa ni saa sita kasoro.

Asubuhi Eufrazia alilitoa sanduku la baba yake akaliweka mlangoni. La kwake hajaligusa. Hakuna aliyesema nani anaondoka na nani anabaki. Mie nimevaa shati safi, niko tayari kwa lolote, nimekaa ndani naandika ili mikono iwe na kazi.

Mzee yuko kwa Mauwa, ng'ambo ya ua. Kuna fundi wa baiskeli amekuja ana mafua makali, na vidonge mfukoni. Namsikia mzee anamwambia avitoe, aviweke chini, akae. Anamwita Eufrazia amletee maji ya chumvi. Anamwambia yule fundi aje tena Jumanne amwone kama pua imefunguka.

Jumanne!

Eufrazia amesimama mlangoni na birika mkononi, ananitazama. Nimeinua kidole kuonyesha jua lilipofika. Ametikisa kichwa — nisiseme. Rosalia amekaa juu ya sanduku la babu yake anapiga mfuniko kwa viganja, na mzee huko ng'ambo anaita tena, "Anselmo! Anselmo, mwanangu, na lete kigoda kingine, kuna mama amefika —"