Isale la Baba Yako Mdogo Silipokei

Mwanangu Melkiori,

Baba yako mdogo amekaa nje ya mlango na jani la isale mkononi, mvua inamnyeshea, na mimi mama yako niko ndani, mezani kwako, nakuandikia. Asubiri. Na wewe alikusubirisha.

Amebisha mpaka amechoka. "Shemeji, hodi! Najua upo, moshi unatoka." Nipo, ndiyo, napika mtori. Sifungui. Unajua mwenyewe: jani hilo likishagusa kiganja changu nimesamehe, nipende nisipende, na kesi haisemwi tena katika ukoo. Jumapili alinivizia nje ya kanisa, nikambeba mwanao haraka, mikono ikajaa. Sokoni nikajitwika mkungu wa ndizi nikaushika pande zote mbili. Watu wanacheka. Wacheke.

Wewe ulikuwa hujitambui, kwa hiyo acha nikuambie alichofanya. Shingo yako ilikakamaa, mwanga unakuumiza, unaniita kwa jina la dada yako. Anna mkeo akasema palepale, "Mama, huu ni uti wa mgongo, mwenyewe alinifundisha dalili zake. Tumshushe Moshi." Vijana wa machela wakaja. Baba yako mdogo, ambaye tangu baba yako atutoke ndiye sauti ya ukoo, akasimama njiani: "Rudini. Ugonjwa huu ni wa nyumbani." Wakarudi! Akachinja mbuzi, akatazama utumbo mizimu inasema nini. Haukumridhisha, akaagiza mbuzi mwingine. Na wewe unaungua. Ndipo mimi na Anna tukakuweka wenyewe kwenye machela, tukainua, tukatembea. Wale vijana walipoona wanawake wawili wanateremka Kibosho na mgonjwa begani, waliona haya, wakatupokea.

Hospitali daktari alikuchoma sindano mgongoni. Maji yanayotakiwa kuwa maangavu yalitoka kama maji ya kusuuzia kibuyu cha maziwa. Wenzako wa makoti meupe, uliokuwa ukifanya nao kazi, wakageuza nyuso. Mimi nikasema, nataka kuwaona.

"Kuwaona nani, mama?"

"Askari wa mwanangu."

Maana ulinifundisha wewe. Nakuona mpaka sasa, umekaa kwenye kigoda, unamenya ndizi vibaya, ganda nene kama la mtu aliyeoa jana. Uliniambia damu ina chembe nyeupe, ni askari, na kitu kigeni kikiingia humzunguka huyo mgeni wakamla. Lakini ubongo, ukasema, una boma lake, na una walinzi wake wa ndani kwa ndani, wametulia, wamenyoosha vijikono kama buibui, wanapapasa huku na huku. Wakigusa kisichokuwa cha humo, hurudisha mikono, hujikunja duara, huanza kula. Na wale wa damuni huvunja boma waje kusaidia. Nikauliza, sasa shida iko wapi? Ukasema, "Kichwa ni mfupa mama, hakitanuki. Wakipigana sana humo ndani wanavunja vyungu vya mwenye nyumba."

Ni nani mwingine Kibosho nzima aliyezaa mtoto wa kumweleza hayo jikoni? Mimi niliyeishia darasa la pili kwa masista! Na ni mama gani mwingine amechungulia darubini? Nimechungulia. Niliwaona, Melkiori. Walikuwa wamerundikana, duara kwa duara, wengine wana vijidudu matumboni, wamekufa navyo. Hakuna aliyekimbia. Daktari akasema ungefika mapema dawa ingewakuta wakingali na nguvu. Mapema. Neno hilo nalala nalo.

Ulipozikwa, hata udongo haujakauka, baba yako mdogo yule yule akasema watu wakinywa mbege ya msiba, mbele za wote, "Huyu binti wa Machame amemlisha mtoto wetu kitu." Alitaka Anna arudi kwao na kihamba chako, na migomba yake yote, kiwe chake. Nilisimama, mwanangu. Mwanamke, kwenye mbege ya wanaume! Nikawaeleza wazee maji yale, askari wale, machela ile iliyorudishwa, na mbuzi wale. Nikamwambia, "Kitu kigeni kilichomuua nimekiona kwa jicho langu, na hakikupita mkononi mwa Anna. Na wewe ndiye uliyekipa siku." Akainua kibuyu ajifiche nyuma yake, mbege ikammwagikia kwenye koti. Nilifurahi. Padre asisikie, nilifurahi sana.

Wazee wakamwamuru achukue isale. Sasa ona ujanja wake: analileta kwangu. Kwangu mimi, shemeji yake, kimya kimya, ili kesi ife na Anna abaki na jina la mchawi mpaka mwanao aoe. Haipokelewi hiyo. Amshikishe Anna, mchana, wazee wakisikia, aseme kwa mdomo wake: nilisema uongo. Wewe ulisema walinzi wako hurudisha mikono. Na mimi nimerudisha yangu.

Nasikia anainuka. Anna amepita hapo sasa hivi na mzigo wa majani ya ng'ombe, na mwanaume mzima ameshindwa hata kumsalimu. Ameondoka. Kesho atachuma jani jingine.

Lala, baba yangu. Kihamba chako Anna anakipalilia, mwanao ana macho yako na tumbo la babu yako. Nakuahidi: huyu mzee atazeeka mlangoni kwangu na majani mkononi, na mimi kila siku nitakuwa na mikono iliyojaa.

Mama yako