Taa Ilikuwa Kijani, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulinilea hivyo, si kwa kuwa leo moyo wangu unataka kukuamkia. Arubaini yako imekwisha, wageni wamekwenda zao, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na nyumba ya Likoni imebaki na mama aliye edani, mimi, na ile televisheni yako. Nina hasira nawe. Nimengoja watu waondoke ndipo niseme, maana mbele yao nimekuwa binti mwema siku zote hizi na nimechoka.

Nianze na televisheni, kwa kuwa yote yalianzia hapo. Wakumbuka ulipoileta, miaka ile ya themanini, nami ningali nasoma chuoni kwa maalimu na kukosea herufi? Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na nyumba yetu haikuwa na stima. Ukaiwasha kwa betri ya gari. Betri ikiisha ulikuwa ukiifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka gereji ya karibu na feri ikachajiwe, na mpaka irudi sebule yetu ilinuna. Kwa hiyo sheria ya nyumba ikawa ni kuitunza betri. Matangazo ya biashara yakianza, unainama na kuzungusha kile kigurudumu cha mwangaza mpaka picha inapotea kabisa, sauti ikabaki inasema peke yake gizani. Sabuni zote za miaka ile nazijua kwa nyimbo zake tu, sura sikupata kuziona.

"Picha ndiyo ilayo betri," ukatwambia. "Sauti haili kitu."

Mtaa mzima walifanya hivyo. Mchezo ukirudi, unazungusha tena, watu wanatokea. Nami nilikuwa nikikaa kwenye mkeka, mgongo wangu kwenye magoti yako, nikiamini kwamba wewe ndiye uwaitaye watu wale na wewe ndiye uwafukuzaye. Nilikupenda sana, Baba. Naliandika hili mapema lisije likapotea katika hayo yatakayofuata.

Halafu nikakua, nikasoma kompyuta, na wewe ndiwe uliyeniombea kazi kwa Bwana Sudi kule Changamwe, katika ile ofisi yake ya kuwatolea watu mizigo bandarini ambamo ulikuwa tarishi tangu mimi sijazaliwa. Hilo pia silikani. Ulikuwa ukivuka na feri ya alfajiri kwenda kufungua ofisi, mimi nikifuata baadaye, na nikifika nakuta kila kitu kimepanguswa. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, imewekwa katika chumba chenye kipoza hewa, na mtu akitaka kuingia sharti avue viatu mlangoni, hata madereva wa malori. Wewe ulikuwa ukiiita "mgeni". Ulimwambia mama aifumie kitambaa cha uzi kama kile cha kabati la vyombo, kwa sababu, ulisema, mgeni hakai uchi. Mama akafuma. Kila jioni mgeni wako akafunikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nami nikacheka, nikakuachia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ulikuwa ukimfanyia jambo jingine pia.

Sasa tuje kwenye ile kufuli ya kompyuta, maana watu wameisema sana na hawakuielewa. Ofisini kwetu walikuwa wakiingia mawakala wa kampuni nyingine, wanakuja kwa salamu, wanaegemea meza yangu, na macho yao yako kwenye skrini kutazama ni kontena za nani zinazotoka bandarini Kipevu wiki hiyo. Bwana Sudi mwenyewe alilalamika. Ndipo nikaitengeneza kompyuta ijifunge nikiondoka: ikiachwa kidogo, skrini inalala, na ukitaka kuiamsha sharti uandike paswadi. Nilimwonyesha Bwana Sudi. Akasema vizuri sana, akaniita msomi. Haya maneno hakuyakumbuka baadaye.

Ile Ijumaa nilitoka kwenda kula huko Magongo. Wewe ulibaki mpaka wakati wa kwenda msikitini. Niliporudi nilikuta kitambaa juu ya skrini, nikakiondoa, nikagusa mausi. Giza. Nikagusa kibodi. Giza vilevile. Lakini ile taa ndogo iliyo chini ya skrini, ambayo ikilala huwa ya rangi ya chungwa, iligeuka ikawa kijani. Kijani maana yake imeamka. Nikasukuma waya nyuma, ulikuwa umekaza. Nikazima ukutani, nikahesabu pumzi zangu kwa hofu, nikawasha. Nikaandika paswadi hivyo hivyo bila kuona, nikasikia kompyuta inaguna ndani kama kawaida yake inapofungua kazi. Mashine ilikuwa hai. Kilichokosekana ni picha tu, na sikujua picha imekwenda wapi. Kigurudumu cha mwangaza kilikuwa kimejificha chini ya ukingo wa skrini, na pale nilipojifunzia kompyuta mwalimu alikuwa amevigandisha vyote kwa utepe ili tusivichezee. Sikupata kukigusa hata mara moja maishani.

Malori yalikuwa yanangoja Kipevu, makaratasi yako ndani ya kompyuta, na ofisi za forodha zinafungwa mpaka Jumatatu. Bwana Sudi akaja na sauti yake.

"Taa ni kijani, Bwana," nikamwambia. "Imeamka. Ni picha tu haionekani."

"Wewe waniambia taa, mie nakuuliza kontena."

Akaitwa fundi kutoka Kisiwani. Alikuja na skrini yake nyingine ndani ya pikapu, akaichomeka kwenye kompyuta yetu, picha ikaja. Hakuitazama yetu kwa zaidi ya kuipiga kofi ubavuni. Akasema imeungua, na akasema imeungua kwa sababu ya kulazimishwa kulala na kuamka na ile kufuli. Fundi aliyekuja na skrini ya kuuza, Baba, angesema nini tena? Bwana Sudi akauliza kufuli ameweka nani. Nikasema mimi, na nikaanza kumkumbusha kwamba aliiona akaikubali.

Hapo ndipo ulipotokea mlangoni. Ulikuwa umechelewa, kwa kuwa baada ya swala ulikwenda maziko ya mtu huko Junda, na kofia ya msikitini ingali kichwani. Ulisikia kelele, ukaniona nimesimama mbele ya tajiri, na hukuuliza lolote. Hukusema, "Kuna nini?" Hukusema, "Mama, hebu nieleze." Ulivua viatu, ukaweka mkono kifuani, ukasema:

"Bwana Sudi, mwanangu amekosa. Msamehe. Ni mtoto."

Nilikuwa mwanamke mzima, Baba. Nilikuwa na maneno mdomoni, tena ya kweli. Ukanifunga mdomo kwa adabu yako.

Bwana Sudi alitulia papo hapo. Akasema, "Basi. Mzee keshasema mwenyewe." Na tangu hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Fundi aliipakia skrini yetu kwenye pikapu akaondoka nayo, na mimi nikaambiwa nisirudi. Bwana Sudi alikushukuru wewe kwa uungwana wako. Alikupa mkono.

Najua desturi yetu. Mzazi huombea radhi mtoto, jambo likaisha, watu wakanywa kahawa. Ukivunjiwa kioo na mtoto wa jirani, babake huja kabla hujakasirika vizuri. Lakini desturi ile ni ya mtoto aliyekosa. Kwa ambaye hakukosa, radhi ya mzazi ni ushahidi, nao ndio ulionimaliza.

Jioni ile tuliketi sebuleni. Ulikuwa hunitazami. Taarifa ya habari ilipokwisha, matangazo yakaanza, nawe ukainama kama ulivyoinama miaka yote, ukazungusha kigurudumu, picha ikapotea. Sauti ikaendelea gizani. Nikabaki nimekodolea macho kioo kile cheusi kinachosema, nikaiona ile taa ya kijani ya ofisini.

"Baba," nikasema. "Ile kompyuta ukiifunika huifanya nini?"

Matangazo yakaisha. Hukuirudisha picha.

"Huipumzisha," ukasema. "Jioni naipunguza, alfajiri naiongeza kabla hujaja. Leo niliipunguza wakati wa kwenda kuswali. Ikawa ni maziko, sikuwahi kurudi."

"Na ulipotuona tumesimama pale?"

"Wallahi, mama, haikunijia. Imenijia kwenye feri, na yule fundi keshakwenda nayo." Ukanishika mkono. "Jumatatu n'takwenda kumwambia Bwana Sudi. Inshallah."

Sikukasirika usiku ule. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka. Nilicheka, Baba. Nilicheka na kulia pamoja, mama akatoka jikoni kutazama tuna nini. Kuipumzisha kompyuta kama betri ya Likoni, niliona ni kosa la mapenzi, na kosa la namna hiyo nani hasamehi? Nilikaa Jumamosi na Jumapili nimetulia kabisa. Nilipiga pasi baibui ya kazini.

Jumatatu ulirudi jioni na kitambaa cha mama kimekunjwa chini ya kwapa. Ukakiweka juu ya kabati. Nikangoja uvue kofia, nikangoja unywe maji.

"Umemwambia?"

"Yamekwisha, mama," ukasema. "Amepoa, ana mtu mwingine. Tukiyafufua, nami n'tatoka. Wataka sote tukae nyumbani?"

Hapo ndipo ilipozaliwa hasira hii ninayokuandikia nayo. Kigurudumu nilikwisha kukusamehe. Hata maneno ya mlangoni ningekusamehe, yalikutoka kwa mazoea. Lakini Jumatatu ile uliamka, ukapanda feri, ukamwona Bwana Sudi, ukamwamkia, ukamletea chai, na ukaamua. Ulinipima mimi na ile kazi yako ya kubeba bahasha, ukaniona mimi mwepesi.

Nawe ulijua Changamwe ilivyo. Ofisi zile zote zinajuana. Kila nilipopeleka barua ya kuomba kazi nilikuta habari zangu zimeketi zinanisubiri. "Ndiye yule aliyeua kompyuta?" Na mwenye shaka akiuliza, huambiwa hata babake alikiri. Hata babake. Mwisho nikapata kufundisha taipu Magongo, baadaye wakaleta kompyuta mbili nikafundisha hizo. Mwanafunzi akinijia na uso wa hofu kwamba skrini imekufa, namwambia atazame taa, kisha apeleke kidole chini ya ukingo. Picha inakuja, anaona mimi ni mchawi. Nikirudi nyumbani nakukuta umekaa, na hatusemi. Miaka tumekula sahani moja na hatukusema. Ulistaafu kwa heshima, ukapewa saa ya ukutani, ukanituma mimi nitafute msumari. Niliutafuta. Niliupigilia mwenyewe.

Siku ya maziko yako, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Ami, nduguyo, alisimama akasema kama inavyosemwa kwa kila maiti: "Ndugu zangu, kama marehemu amemkosea yeyote kati yenu, twaomba mumsamehe." Wanaume wote wakajibu kwa sauti moja kwamba wamekusamehe, na wengine wakaongeza kuwa hukumkosea mtu. Mimi nilikuwa dirishani pamoja na wanawake. Hakuna aliyegeuka kutuuliza sisi. Nikazikamata nondo za dirisha kwa nguvu, jirani akanishika akidhani ni uchungu wa kufiwa.

Na kwenye arubaini Bwana Sudi alikuja. Kwa kuwa mama hawezi kutoka, mimi ndiye niliyepokea pole yake pale barazani. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Alikusifu sana. Kisha akaniinamia, akasema kwa upole, na alisema kwa nia njema, namjua:

"Na yale mambo ya kompyuta, binti yangu, mie nilikwisha kukusamehe zamani. Kwa ajili ya mzee."

Nikasema, "Asante."

Umesikia, Baba? Nilisema asante. Nilisimama na hasira ya miaka yote hiyo, nikaweka mkono kifuani kama wewe, nikasema asante ili arubaini yako isiharibike. Niliposikia sauti yangu nilikuchukia, kwa kuwa ilikuwa sauti yako. Nimeirithi saa, televisheni na uoga wako, na saa naweza kumpa mtu.

Kwa hiyo nakwambia nitakalofanya, ili usije ukasema nilikwenda nyuma ya mgongo wako. Ile Jumatatu uliyoniahidi, nitaitimiza mimi. Jumatatu hii navuka feri kwenda Changamwe. Sitaki kazi wala sitaki kuonewa huruma. Nitavua viatu, nitasimama pale pale mlangoni uliposimama wewe, na nitamweleza Bwana Sudi habari ya betri, ya kigurudumu na ya taa iliyokuwa kijani, mpaka mwisho, bila mtu kunikatiza. Kisha nitasema maneno yako mwenyewe, ila safari hii yatakuwa kweli: "Bwana Sudi, baba yangu alikosa. Msamehe."

Atakusamehe, usiwe na wasiwasi. Mtu aliyenisamehe mimi kosa ambalo sikulifanya hatashindwa na lako.

Mimi bado. Kila nikiswali nakuombea, hilo silikatai, na nikipita kaburini nang'oa majani. Lakini kusamehe ni jambo la kuombwa, nawe uliwaomba watu wote isipokuwa mimi.

Nakuaga hapa, mama ananiita, nimwitikie abee.

Mwanao ambaye hakukosa.