Pete ya Tumbo

Ifakara,
Juni 1996

Mdogo wangu mpendwa Sista Konsolata,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuona ukiitikia huko Ujerumani, glavu mikononi na wagonjwa wakikusubiri. U hali gani? Baridi imekuachia? Huku mto umerudi kwenye njia yake, mpunga umeiva, na ndege wamekuja wengi kuliko wavunaji. Edna wangu yuko likizo ya chuo cha ualimu, amekwenda Mchombe kumsaidia shangazi yake kuvuna. Anakuamkia shikamoo, ipokee.

Barua yako niliisoma shambani, juu ya dungu, nikilinda mpunga dhidi ya kweleakwelea. Kaka yetu Theodori ameliongezea dungu nguzo mbili kwa ajili yangu peke yangu, na bado nikipanda linalalamika. Nimemwambia alizoee, hata marehemu mume wangu Fridolin alinizoea.

Wewe na madaktari wako mlitaka kujua uzito wangu kamili. Mizani ya zahanati ilifika mwisho mapema ikakataa kuendelea, nikaenda kwa Abdulkarim anayenunua mpunga. Alinipandisha kwenye mizani ya magunia, akasoma, akasema kwa adabu zote kuwa mimi ni gunia moja na robo tatu, tena gunia kavu, halikumwagiwa maji kama anayoletewa na wajanja wa Malinyi. Wapagazi walicheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia kidogo, maana magoti yaliuma na sukari ilikuwa imepanda tena.

Umenieleza aina tatu za upasuaji wa kupunguza unene, na umeeleza vizuri. Ya kwanza, tumbo linabanwa kwa pini ndogo za chuma, kinabaki kifuko juu chenye mlango mwembamba. Ya pili, pete ya mpira inafungwa sehemu ya juu ya tumbo bila kukata chochote ndani, na daktari anaweza kuibana au kuilegeza kwa kuingiza maji kwa sindano. Ya tatu, wanakiunga kifuko hicho na utumbo mbele zaidi, chakula kikwepe sehemu kubwa ya njia yake. Hiyo inapunguza haraka na huenda sukari ikatulia, lakini ni vidonge vya vitamini maisha yote, na ukila kitamu unatetemeka na kutoka jasho. Wewe ulitaka nichague ya tatu. Uliandika kwamba mama alikufa na mwili huu huu, na hutaki kunizika na mimi. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Mchana ule jua lilikuwa kali, ndege wametulia, nikasinzia. Nikaota nimefanyiwa ile ya tatu. Nilisimama ukingoni mwa Kilombero wakati wa mafuriko, na mtoni kikapita chakula chote nilichowahi kula: ubwabwa wa harusi yangu, kambale wa Ijumaa Kuu, maandazi ya mama, vyote vikielea taratibu kwenda zake na mimi sina njaa. Nilipungia mkono. Kilikuwa kitu kizuri kutazama, lakini nilipoamka nilisikia upweke.

Siku nyingine, juu ya dungu lile lile, nikaota pete. Nilikuwa mwepesi, nikainuka juu ya mpunga, chini yangu bonde lote limekuwa manjano, na milima ya Udzungwa imekaa karibu kiasi cha kuigusa. Toka kwenye pete ulining'inia uzi, na wewe ulikuwa umeushika ukinivuta na kunilegeza, umevaa sare ya shule ya msingi, unacheka. Konsolata, sijawahi kuwa na furaha ya namna ile hata nikiwa macho.

Basi nikachagua pete. Zile pini nilizikataa siku ya kwanza, sitaki chuma tumboni. Na sikuchagua kwa ndoto tu. Unajua huku mtu akikonda haraka watu wanasema nini. Merina muuza vitumbua alipougua alipungua ndani ya msimu mmoja, wakasema amekanyaga miwaya, eti ana ukimwi, na mpaka leo vitumbua vyake vinalala. Nikishuka haraka kwa upasuaji wenu, nani ataniamini nikisema nimekatwa utumbo Ulaya ili nikonde? Watacheka kwanza, halafu watanihama. Pete ingenipunguza polepole, nikaonekana nazeeka tu.

Nilijiandaa kwa moyo wote. Nilipiga picha ya pasipoti, nikaenda hospitali kupima damu kama mlivyoagiza. Kabla majibu hayajatoka nilipita tena kwa Abdulkarim, akasema nimepungua, karibu debe zima. Nilipiga vigelegele pale pale kwenye mizani! Nikaota kwamba nimekwisha fanyiwa upasuaji usingizini bila kuambiwa.

Sasa nakuandikia wazi, kwa sababu nikizungukazunguka utashtuka zaidi. Majibu yametoka. Wamepima mara mbili. Nina virusi. Kifua kilichomuua Fridolin kule kwenye mashamba ya miwa, nadhani sasa tunajua kilikuwa kifua gani. Simlaumu, na wewe usimlaumu kwenye sala zako.

Daktari ni kijana mpole. Alisema safari ya kukatwa tuisahau. Dawa ya kuuondoa ugonjwa haipo, ila kila homa niiwahi, nipumzike, na nile vizuri. Nile vizuri! Miaka yote hii, Konsolata, hakuna daktari aliyewahi kuniambia hivyo. Nilicheka mpaka akaniletea maji, na sijui kicheko kiligeuka kilio wakati gani.

Ninaogopa. Kwa hiyo waambie madaktari wako nashukuru sana, pete wampe mwingine. Edna hajui, nami nitamwambia akimaliza chuo, si kabla. Watu wakinikuta njiani wanasema Mama Edna umenawiri, nami naitikia. Kila kilo niliyokuwa naichukia naihitaji sasa, inanisitiri. Nakula ugali asubuhi. Nakula na usiku hata bila hamu.

Theodori na watoto wake wanakusalimu, na masista wa hapa wanauliza utarudi lini. Umeandika kwamba mama mkuu atakuruhusu kuja Krismasi. Mimi nitakuja kukupokea stesheni mwenyewe kwa miguu yangu. Siombi kupona, sitaki kumchosha Mungu. Niombee tu ukishuka kwenye treni unikute bado mnene.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wilhelmina