Hatua Nne Hadi Bombani

Dada Bogna mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. U hali gani, na kikohozi cha mtoto kimepungua? Sisi huku Zalesiny tu wazima wa viungo. Mama amepanda viazi peke yake mwaka huu; hataki nimsaidie, wala hasemi kwa nini.

Najua amekwisha kukutumia karatasi ya wakili, utie saini kwamba ndugu yako ni mpole, na kwamba siku ile alipandwa na hasira akawa hajijui. Kabla hujashika kalamu, nisikilize.

Jumatatu ya Pasaka, kama ilivyo ada, watu walikuwa wakimwagiana maji mbele ya kituo cha zimamoto. Sheria yetu unaijua: anayenuna ndiye aliyeshindwa. Nilitoka kanisani na suti mpya. Gracjan, mwana wa mwokaji mikate, akanimwagia ndoo nzima kutoka ngazini, akapaza sauti kwamba haya Wit, umebatizwa upya, jina uchague mwenyewe! Watu wakacheka. Nami nilicheka, dada, tena kwa moyo.

Ndipo rafiki yangu Olek akasema, wote wakisikia, yaani unamwacha hivihivi? Nenda ukaanikwe basi, kijana wa mama! Gracjan alikuwa ameshuka na kuiweka ndoo chini. Niliiokota nikampiga nayo usoni. Jicho lake la kushoto halioni tena, na madaktari wamekata tamaa.

Wote wanasema ni hasira. Hasira haikuwapo. Ndoo ilikuwa tupu, na bomba lilikuwa hatua nne tu. Niliwaza niijaze, nimlipe maji kwa maji. Kisha nikazitazama zile nyuso, nikaona kwamba mpaka ndoo ijae, watakuwa wamekwisha kugeukia mambo mengine. Nikachagua kupiga wakati bado wananitazama. Ulikuwa muda mfupi, lakini ulinitosha kuchagua.

Alhamisi nitamweleza hakimu hivyo hivyo. Wakili asema nitafungwa, huenda. Nimechoka kuhurumiwa kwa hasira nisiyokuwa nayo. Tafadhali usitie saini. Mama akikulaumu, mwambie mimi ndiye niliyekuomba.

Mbusu mtoto, msalimu shemeji. Mahakamani usije, njoo siku ya kutembelea wafungwa, ikiwa bado utapenda kuniona.

Ni mimi mdogo wako,
Wit