Kompyuta Inasema Amekaa, Mimi Namwona Amesimama

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie maana kichwa changu kimegoma kunipa jibu. Mimi ni msimamizi wa idara ya glavu na skafu katika duka kubwa hapa Daegu, nina miaka hamsini na mitatu na magoti mabovu, na tangu baridi ianze duka limefunga vispika vidogo darini kila chumba, vinatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii ila simu zetu zinaisikia, na simu ikiisikia tu kompyuta ya meneja inajua mwenye simu yuko chumba gani, fundi aliyevifunga akatuapia kwamba haikosei kwa kuwa sauti ile haivuki ukuta.

Sasa meneja ameniita akanionyesha kwamba Mi-gyeong, binti niliyefanya naye kazi miaka sita, kila siku saa tano na nusu yuko chumba cha mapumziko, saa nzima kabla ya zamu yake ya kula, na akanipa karatasi ya kumwachisha kazi niisaini niirudishe Jumatatu. Mshauri, saa hizo mimi namwona kaunta kwa macho yangu, juzi tu alimvalisha bibi mmoja jozi tisa za glavu bila kununa, nikamweleza meneja, akacheka.

"Msimamizi, macho yanazeeka. Mashine haizeeki."

Tangu hapo sijielewi, labda nasahau, labda namwona wa jana nadhani ni wa leo, na jana nimejikuta namgusa bega nihakikishe yupo, akaniuliza, "Dada, unaumwa?" nikasema hapana, na mchana niliiacha supu nusu ingawa alikuwa amenishikia nafasi kwa kuweka simu yake juu ya mto wa kukalia kwenye ile kona ya sakafu yenye joto kule tunakopumzikia, kama kila siku, maana kona hiyo hugombaniwa na bila yeye magoti yangu yangekaa mlangoni kwenye baridi. Ana mama mgonjwa anayemtegemea. Nisaini au nisisaini?

Nisiyejua niamini macho au mashine

Dada usiyejua,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeweka chai chini. Pole kwa magoti. Macho yako ni mazima kabisa. Rudi usome hapo kwenye supu, pale ulipopita mbiombio. Simu iko juu ya mto, mwenyewe yuko kaunta. Sisi wa nchi hii huacha simu kushika nafasi mkahawani, maktabani, popote, tukirudi tunaikuta, na hakuna anayeona ajabu. Chombo hakikukosea, kimeipata simu. Aliyekosea ni meneja anayedhani simu ni mtu.

Lakini dada, hukuona kweli, au uliona ukageuza uso? Maana ukisema simu ilikuwa wapi, utaulizwa ilikuwa pale kwa ajili ya nani, na cheo chako kitatikisika. Naielewa hofu hiyo, ila siibembelezi. Binti amekutunzia joto msimu mzima, nawe umeshika kalamu ya kumfukuza.

Usisaini. Wala usimtume Mi-gyeong ajitetee, kwa sababu atakuficha. Mdogo wa kazini hamtaji mkubwa wake, wewe unajua. Jumatatu saa tano na nusu weka simu yako mwenyewe juu ya mto ule, nenda ofisini, simama mbele ya meza ya meneja na umwombe akutafute kwenye kompyuta. Akikwambia uko chumba cha mapumziko, mrudishie karatasi yake, kisha umtajie nafasi ile ilikuwa ya nani.

Ukitoka hapo kale chakula chako mlangoni, kona umwachie Mi-gyeong.