Mama, Mgongo Wako Haukuwa Mwongo

Mama, shikamoo.

Nakuandikia hapa kwangu mjini, Area D, nikiwa nimeegemea mto, maana siku hizi hata mimi siwezi kukaa kitini nusu saa. Cheka tu, una haki.

Pale maabara ninapofanya kazi pameletwa utafiti. Watu wanaoumwa mgongo tunawatoa damu, tunatafuta dalili zinazoachwa na visahani vya katikati ya pingili za uti wa mgongo vinapolika. Bado si kipimo cha kumpa mgonjwa jibu. Lakini wanatafuta, mama. Wamekubali kwamba mtu anaweza kuumia na picha ya mionzi isione.

Mimi sikukubali. Ulipokuja kutoka Kongwa, kitenge umekikaza kiunoni, nilikupeleka kupiga picha. Mifupa ikaonekana mizima. Nikaona na chale mbichi ulizochanjwa mgongoni, nikaona haya mbele ya wenzangu, nikakufokea kama mtoto. Kisha nikampigia kaka simu kule Kongwa: "Mama hana kitu." Binti wa maabara kasema, nani abishe? Msimu wa palizi ule, majirani wote wakakuita mvivu.

Ukarudi kuinama kwenye karanga, na hukulalamika tena. Ukawa unameza vidonge vya maumivu vya dukani, asubuhi na jioni, tumbo tupu, hadi ukatapika damu. Daktari alisema ni vidonge. Mimi najua ni neno langu.

Msibani kaka akasema ni mipango ya Mungu. Mungu naye anasingiziwa mengi! Nikaitikia amina na wengine. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu kazaliwa na meno.

Juzi nikatoa damu na mimi. Fomu inauliza: mzazi wako aliwahi kuumwa mgongo? Nilikaa na ile kalamu mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikaandika ndiyo. Karatasi ya kwanza kukuamini, mama, na wewe uko kaburini, na mwandiko ni wangu.

Jumapili nakuja Kongwa. Nitasimama mbele ya kaka na wale wale waliokucheka, niwaambie ulikuwa unaumwa, na aliyesema huna kitu hakujua alisemalo. Wakinichukia, sawa.

Kwaheri, mama. Lala chali, lala ubavu, utakavyo. Hakuna atakayekuamsha ukapalilie.

Mwanao, Nyemo